Dakika Mbili za Kwanza: Jinsi ya Kutengeneza Majina ya Mwanzo ya Filamu

Zamani kule Marekani, majina ya mwanzo ya filamu, yaani orodha ya waigizaji na watengenezaji inayopita mwanzoni, ulikuwa muda wa kununua bisi. Mwendesha projekta aliyarusha juu ya pazia ambalo bado limefungwa, watu wakitafuta viti, na pazia likafunguliwa hadithi ilipoanza. Mwaka 1955 Otto Preminger alipotoa The Man with the Golden Arm, filamu ya mtu aliyenaswa na heroini, inasimuliwa kwamba makopo ya filamu yalifika kwenye majumba ya sinema yakiwa na agizo: fungua pazia kabla ya majina. Sababu ilikuwa kazi ya msanifu Saul Bass. Mistari myeupe inaingia na kutoka kwenye weusi, jazi ya Elmer Bernstein inapiga, na mwishoni mistari ile inageuka mkono uliopindapinda. Hakuna bomba la sindano wala mtu anayetetemeka. Ila aliyeuona mkono ule alijua hakuja kuangalia vichekesho.

Tangu hapo kazi ya majina ya mwanzo imekuwa na pande mbili zinazovutana. Yanamwambia mtazamaji waziwazi ameingia kwenye filamu ya aina gani, na wakati huohuo yanamnyima kile anachotaka kujua zaidi. Aina itajwe, tukio lifichwe. Wengi wanaoanza kazi hii hufanya kinyume: mwanzo wao ni trela ndogo yenye busu, bastola na sura ya muuaji, halafu hadithi ikishaanza mtazamaji anakaa robo saa hajui acheke au aogope.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue filamu fupi ya kubuni ya dakika 20. Fundi cherehani wa Tanga analetewa gauni la harusi la zamani alipunguze. Akifumua pindo anakuta barua imeshonewa ndani. Tutaitengenezea majina ya mwanzo kwa simu, meza moja na cherehani.

Hatua ya 1: Andika sentensi mbili kabla hujagusa kamera

Sentensi ya kwanza: "Hii ni filamu ya..." Ya pili: "Mtazamaji atajiuliza..."

Kwa fundi wetu: hii ni filamu ya kipelelezi, mtazamaji atajiuliza ni nani aliyeshona kitu ndani ya pindo. Angalia kwamba swali halisemi "barua inasema nini". Hilo ni swali la hadithi yenyewe, na ukilitumia kwenye majina utakuwa umekula akiba. Swali la majina liwe dogo, la kitu kinachoonekana kwa macho.

Kama sentensi ya kwanza imekutoka na aina tatu, mapenzi na kisasi na vichekesho, chagua ile itakayotawala dakika tano za mwisho. Nyingine zitajitokeza zenyewe njiani. Alien ya mwaka 1979 ni hadithi ya chombo cha anga za juu, lakini kinachotawala mwisho wake ni hofu, na majina yake yaliyotengenezwa na kampuni ya Richard Greenberg hayana roketi hata moja. Kamera inatambaa juu ya sayari yenye giza. Sehemu ya juu ya skrini vijiti vyeupe vinajitokeza kimoja kimoja, vimeachana sana, hata hujui kama ni herufi. Neno likija kukamilika, umeshakaa muda mrefu ukijaribu kusoma kitu kisichotaka kusomeka, na wasiwasi umeshaingia bila kiumbe chochote kuonekana.

Hatua ya 2: Tafuta vitu, acha sura

Sura ya mwigizaji inajibu maswali mengi mno kwa mara moja: umri, tabia, hata kama ndiye steringi. Kitu hakijibu. Mkasi ulioachwa wazi juu ya kitambaa unaweza kuwa wa fundi, wa bibi harusi au wa muuaji.

Mfano mzuri kwa mwenye bajeti ndogo ni To Kill a Mockingbird ya 1962. Stephen Frankfurt alipiga picha za karibu sana za kasha la mtoto: kalamu za rangi, saa ya mfukoni, gololi, vinyago. Mtoto anasikika akivumisha wimbo puani huku akichora. Ni kasha na meza tu, na tayari unajua utaoneshwa mambo mazito kwa macho ya mtoto. Vitu vya aina hiyo utavikuta tena ndani ya hadithi, na hapo ndipo mtazamaji anahisi amelipwa kwa kuwa makini.

Se7en ya 1995 inatumia mbinu hiyohiyo kwa nia mbaya zaidi. Kyle Cooper, aliyetengeneza majina yake kwa ajili ya mwongozaji David Fincher, anatuonesha mikono ikishona madaftari kwa uzi, ikikata picha, na wembe ukichuna ngozi kwenye ncha za vidole. Mwenye mikono hiyo hatumwoni. Baadaye sana, polisi wanapohangaika na alama za vidole, ndipo wembe ule unapopata maana.

Filamu hiyo ina somo lingine ambalo watu hulisahau: orodha ya majina yenyewe inaweza kuvujisha siri. Kevin Spacey, anayecheza muuaji, hayumo kabisa kwenye majina ya mwanzo. Jina lake linakuja mwishoni, filamu ikiwa imekwisha. Fikiria angetajwa mapema: ukumbi mzima ungekaa ukimsubiri, na kila mlango ukifunguliwa watu wangesema "ndiye huyo". Kwetu, ambako jina la nyota ndilo linalouza, uamuzi huu ni mgumu, lakini kama adui wako ni mtu maarufu na kutokea kwake ni mshtuko, kaa naye mapema, mkubaliane kwa maandishi, na umpe nafasi ya kwanza kwenye majina ya mwisho.

Sasa orodhesha vitu vya filamu yako na ubakize visivyozidi sita. Kwa fundi wetu: sindano ya cherehani, chaki ya fundi, futi ya kupimia, mkasi, kanyagio, na pindo la gauni jeupe lililogeuka manjano. Barua usiioneshe. Onesha pindo likiwa nene mahali pamoja kuliko pengine, basi.

Hatua ya 3: Sauti kabla ya picha

Hapa tukae kidogo, maana ndipo aina ya filamu inapoamuliwa. Picha zinaonesha mambo. Sauti ndiyo inayomwambia mtu ayapokee vipi.

Tazama mwanzo wa The Shining ya 1980, kwanza ukiwa umezima sauti. Helikopta inafuata gari dogo la manjano kwenye barabara ya milimani, maziwa na misonobari pande zote. Ilipigwa kwenye hifadhi ya Glacier, Montana, na bila sauti ingefaa tangazo la utalii. Rudisha sauti: Wendy Carlos na Rachel Elkind wamechukua wimbo wa kale wa kanisani wa maiti, Dies irae, wakaupitisha kwenye sintesaiza ukatoka mzito na wa chini. Barabara ni ileile, ila sasa unatamani yule dereva ageuze gari.

Bernard Herrmann kwenye Psycho ya 1960 alitumia ala za nyuzi peke yake, hakuna tarumbeta wala ngoma, huku mistari ya kijivu ya Saul Bass ikikatiza skrini na kuyapasua majina ya watu vipande. Ikiwa hujawahi kusikia fidla zikiwa na haraka namna ile, tafuta usikilize.

Sergio Leone alikwenda upande wa pili kabisa. Once Upon a Time in the West ya 1968 inaanza na wanaume watatu wanaosubiri treni kwenye kituo kilichochakaa, na majina yanajitokeza hapa na pale kwa takribani dakika kumi. Muziki hakuna, ingawa mtunzi wake ni Ennio Morricone. Kuna kinu cha upepo kinacholia kwa kukosa grisi, tone la maji linalodondokea kofia, na nzi anayemsumbua mmoja wao usoni. Hakuna anayesema wanamsubiri nani. Kwa maoni yangu huu ndio mwanzo bora kuliko yote kwa mtu asiye na hela ya muziki, kwa sharti moja: usiige urefu wake. Leone alikuwa na ukumbi uliofungwa milango, wewe una mtu kwenye daladala ameshika simu.

Kwa hiyo, rekodi. Weka simu karibu na cherehani, zima feni, subiri pikipiki zipite. Rekodi kanyagio kwa mwendo wa pole, wa kati na wa kasi. Rekodi mkasi ukikata, uzi ukikatika, futi ikivutwa. Rekodi pia chumba kikiwa kimya kwa dakika nzima. Ukimya wa chumba husika utaziba mapengo kwenye uhariri, na ukimya mtupu usio na chochote hugutusha sikio mahali usipotaka.

Halafu fanya zoezi hili. Chukua picha zilezile sita na uzipangie sauti kwa njia nne.

Kwa filamu ya kutisha, cherehani ishone pole, isimame katikati ya mshono, na ukimya ukae muda mrefu kuliko mtu anavyotegemea kabla haijaanza tena. Usiweke kishindo cha ghafla. Kila mtu ameshakizoea.

Kwa kipelelezi, mdundo uwe sawasawa, na kila jina jipya liongeze sauti moja: kwanza kanyagio, kisha mkasi, kisha futi. Mtazamaji anahisi ushahidi unakusanyika.

Kwa mapenzi, cherehani isikike kwa mbali, kama inatoka chumba cha pili, na udi au ganuni ipigwe taratibu na mtu unayemfahamu. Ukichukua taarabu ya watu mtandaoni bila ruhusa, YouTube inaweza kuizima sauti au kuifungia video, na wenye haki wana kila sababu ya kukudai.

Kwa vichekesho, mwendo uyumbeyumbe, na uzi ukatike pale tu jina la mwongozaji linapotokea.

Utashangaa picha zinavyobadilika sura. Chagua ile inayotii sentensi yako ya kwanza, hata kama nyingine imekuchekesha zaidi.

Hatua ya 4: Herufi

Herufi zinazochuruzika damu hazitishi mtu. Zinatangaza "filamu ya kutisha" kwa nguvu mpaka siri yote inakwisha, na isitoshe zimetumika kwenye mabango mengi kiasi kwamba siku hizi zinaleta kicheko. Ndugu zake ni dhahabu inayong'aa kwa filamu za matajiri na mioyo juu ya herufi i kwa filamu za mapenzi.

Njia iliyo salama zaidi ni fonti ya kawaida inayofanya jambo moja lisilo la kawaida. The Shining ina herufi za kawaida za rangi ya buluu hafifu, zinazopanda kutoka chini kama vile filamu ndiyo inamalizika. Halloween ya 1978 ina maandishi ya rangi ya chungwa juu ya weusi, boga lenye mshumaa upande wa kushoto, na kamera inalisogelea polepole. Mambo mengine ameachiwa mwongozaji wake, John Carpenter, na kinanda chake. Kwenye Se7en herufi nyingi zilikwaruzwa kwa mkono, zikatikisika kama za mtu anayeandika kwa siri usiku.

Kwa fundi wetu huhitaji hata fonti. Chukua kitambaa cheusi, andika majina kwa chaki ya fundi, piga picha kutoka juu, kisha mkono uingie na kulifuta jina kwa kiganja. Vumbi la chaki linalobaki ni zuri kuliko madoido yoyote ya programu. Ukikosea jina, unapangusa na kuandika upya.

Ukiamua kutumia fonti, baki na moja, kwa saizi mbili tu. Hakikisha leseni yake inaruhusu kazi ya biashara. Google Fonts ina nyingi za bure zinazoruhusu. Andika kwanza jina lenye ng' ndani yake uone ile alama ya juu inakaaje, maana fonti nyingi za mapambo huitupa mbali na herufi na jina la mtu linaonekana limepasuka.

Kila jina lisome kwa sauti mara mbili, taratibu. Likiondoka kabla hujamaliza, liongezee muda. Acha nafasi tupu kama sehemu moja ya kumi ya skrini kila upande, kwa kuwa baadhi ya televisheni hukata kingo. Kisha itazame kwenye simu ukiwa umenyoosha mkono wote. Kisichosomeka hapo hakitasomwa na watu wengi.

Hatua ya 5: Nani atangulie

Utaratibu uliozoeleka ni kampuni, waigizaji wakuu, jina la filamu, waigizaji wengine, muziki, uhariri, mpigapicha, mtayarishaji, mwandishi, na mwongozaji anafunga. Kwa filamu ya dakika 20 majina matano au sita yanatosha mwanzoni. Wadhamini, shukrani na lile onyo refu la kutonakili kazi vipelekwe mwisho. Najua wengi hupenda kulitanguliza onyo, lakini mharamia haachi kazi yake kwa kulisoma, na mtazamaji halali ndiye anayechoka.

Hatua ya 6: Yakae wapi, kwa muda gani

Unaweza kuanza na majina moja kwa moja. Unaweza kuanza na tukio fupi, kisha majina, kama filamu za James Bond zilivyozoea tangu From Russia with Love ya 1963. Au majina yapite juu ya tukio lenyewe, na hapa ndipo penye hatari.

Touch of Evil ya Orson Welles, 1958, inaanza na mikono inayotega saa ya bomu. Bomu linawekwa kwenye buti la gari, gari linaondoka, na kamera inalifuata mitaani mpakani mwa Mexico na Marekani kwa zaidi ya dakika tatu bila mkato. Studio ya Universal iliyaweka majina juu ya picha hiyo, pamoja na muziki wa Henry Mancini. Welles alipoona filamu ilivyohaririwa aliandika waraka wa kurasa 58 akiomba marekebisho mengi. Alikwishafariki wakati Walter Murch alipoihariri upya mwaka 1998 akiufuata waraka ule: majina yakahamishiwa mwisho, na badala ya muziki mmoja zikaja sauti za redio ya gari na vilabu linavyovipita. Linganisha matoleo hayo mawili ukipata nafasi. Kwenye la kwanza jicho lako linasoma. Kwenye la pili linatafuta gari.

Kanuni ninayoifuata mimi: kama picha tayari imebeba swali zito, maandishi yakae pembeni. Yaje kabla ya bomu kutegwa au baada ya kulipuka.

Kuhusu muda, filamu ya dakika 20 nisingeipa majina yanayozidi sekunde 50. Filamu ndefu inaweza kuvumilia dakika mbili ikiwa kila sekunde kumi kuna kitu kipya. Kata picha kwa kufuata sauti uliyokwisha kuipanga. Ukikata kwa macho pekee, majina yote yatakaa muda uleule na mdundo utakufa. Programu yoyote inatosha, CapCut kwenye simu au DaVinci Resolve ya bure kwenye kompyuta.

Hatua ya 7: Mshono kati ya majina na hadithi

Picha ya mwisho ya majina na picha ya kwanza ya hadithi zishikane. Psycho inatoka kwenye mistari ya Bass na kuingia kwenye majengo ya mji wa Phoenix, kisha maandishi yanatoa siku, tarehe na saa: Ijumaa, Desemba 11, saa nane na dakika arobaini na tatu mchana. Dakika arobaini na tatu! Hakuna anayetaja muda kwa usahihi huo isipokuwa kuna jambo lililotokea, kama kwenye jalada la polisi. Aina ya filamu na swali lake vimeingia kwa pamoja, kwa mstari mmoja wa maandishi.

Kwetu, kiganja kinachofuta jina la mwongozaji kiwe kilekile kinacholaza gauni mezani. Chaki ibaki kwenye vidole. Hapo mkato hauonekani, na mtazamaji ameshavuka.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa watu wasioijua

Waoneshe watu ambao hawajasoma skripti. Wa kwanza atazame bila sauti, wa pili asikilize akiwa amefumba macho, wa tatu apate vyote. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize: hii muvi ni ya nini, na unataka kujua nini? Aliyesikiliza tu anapaswa kuitaja aina bila kusita. Aliyetazama tu anapaswa kukutajia kile kitu, pindo nene. Wa tatu akikusimulia hadithi nzima, umefichua mno. Punguza picha moja, na mara nyingi ni ile unayoipenda.

Kwenye vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video, msimuliaji huutumia muda wa majina kukutambulisha kwa steringi na kukuonya kuhusu adui. Jiulize kama kwenye filamu yako angelazimika kusema chochote.

Kabla ya kufunga kazi, watumie watu wote majina yao jinsi yatakavyoonekana na wathibitishe tahajia wenyewe, yakiwemo majina ya katikati na vyeo. Hifadhi pia toleo la pili la mwanzo huo lisilo na maandishi yoyote, sauti ikiwa kwenye faili lake peke yake. Ukiuza filamu kwa televisheni au kwa nchi nyingine, mnunuzi anaweza kulitaka ili aweke maandishi ya lugha yake, na kwa waliochagua chaki ina maana moja: kila picha ya kitambaa ipigwe mara mbili, na majina na bila majina, kabla taa hazijazimwa.